Sakafu Iliyomkimbiza Adelfina

Bugarama, wilayani Ngara, wapo wanaume waliokimbiwa na wake zao kwa sababu ya pombe, wapo waliokimbiwa kwa sababu ya ngumi, na yupo mmoja aliyekimbiwa kwa sababu ya kumwekea mkewe sakafu nzuri. Huyo ni Renatus Habimana. Ukimwita mjinga hatakasirika, maana amekwisha kuitwa hivyo na ukoo mzima wa wakwe zake, wao wakiwa juu ya viti na yeye akiwa chini.

Renatus analima kahawa na migomba, na ni mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo ya Wakatoliki wa kitongojini kwake. Ni mtu wa mwili mkubwa na maneno machache, na maisha yake yote ametamani anasa moja tu. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya kubeba mizigo kwenye nyumba moja ya wageni mjini Ngara. Asubuhi moja ya mwezi wa sita, baridi ikiwa imeshuka milimani, alivua viatu mlangoni akakanyaga sakafu ya mbao. Saruji aliijua, saruji ya mwezi wa sita inauma miguu kama mbwa. Ile ya mbao haikumuuma. Ilikuwa na joto lake, tena ilitoa sauti ndogo kila alipokanyaga, kama mtu anayeitika. Aliporudi nyumbani alipanda migrevilea, miti ya mbao, katikati ya kahawa. Majirani walidhani anatafuta kivuli cha mibuni, kumbe mwenzao anapanda sakafu.

Miti ikanenepa taratibu, na Renatus naye akaoa. Alimwoa Adelfina wa Nyamahanga, wilaya ya Biharamulo, mwanamke mchapakazi, mcheshi, mwenye pua isiyokuwa ya kawaida.

Pua hiyo ilikuwa na historia yake. Adelfina alipokuwa msichana alinyunyizia dawa shamba la pamba la kaka yake Emilian kwa bomba bovu, na msimu mzima dawa ilimchuruzika mgongoni. Tangu hapo mwili wake ukagombana na karibu kila kitu kinachouzwa ndani ya chupa. Rangi ya mafuta ikimfikia, kifua kinabana. Manukato yakimkaribia, midomo inavimba na kichwa kinagonga hadi kesho yake. Hospitali walimpa dawa ya kuvuta kwa mdomo, wakamwambia ajiepushe na harufu, ushauri mzuri sana kwa mtu anayeishi duniani. Kanisani alikaa mlangoni. Msibani alilia kwa mbali, upande upepo unakotokea, na watu wakasema ana maringo. Wenye huruma kidogo walisema ana mashetani.

Renatus hakusema lolote kati ya hayo. Aliacha mafuta ya nywele, akaacha sabuni ya unga, akaoga kwa sabuni ya mche na kuvaa mashati yaliyosuuzwa mpaka rangi zikakata tamaa. Pua ya mkewe aliiheshimu kama wengine wanavyomheshimu mama mkwe. Ndiyo maana kosa lake linashangaza. Aliona Adelfina amepumzika chini ya migrevilea ile tangu ikiwa michanga, wala hajakohoa hata siku moja, basi akaamini kwamba miti hiyo ikilazwa chini ikawa sakafu haitabadilika tabia.

Binti yao Priscila alipojifungua kule Murukulazo, Adelfina alikwenda kumtunza mzazi. Renatus akaona hapo ndipo pa kumwandalia mkewe jambo la kumfurahisha. Alimwita Danstan, fundi seremala wa hapo Bugarama, ambaye alikuwa ametengeneza milango mingi na majeneza mengi zaidi.

"Sakafu hujawahi kutengeneza," Renatus alimwambia.

"Sakafu ni jeneza lisilo na kuta," Danstan akajibu, akaanza kupiga randa.

Mbao zilipolala zote zikiwa nyeupe, safi, Renatus alitosheka. Danstan hakutosheka. Alisema sakafu isiyong'aa ni kichanja cha vyombo, akafungua kopo la vanishi, akaikoroga na tina ya kuilainisha, akapaka, akarudia, akarudia tena. Sebule ikang'aa hata Renatus akajiona mle ndani kichwa chini miguu juu, akicheka peke yake.

Adelfina alirudi siku ya tatu baada ya vanishi kupakwa. Alipofika kwenye mgomba wa kwanza, nyumba ikiwa bado haionekani, alisimama akajifunika pua kwa kitenge.

"Baba Priscila," aliita akiwa huko huko, "umeingiza nini ndani?"

Hakufika mlangoni. Kifua kilimbana hapo hapo njiani, akavuta dawa yake, akakaa chini akihema, na mwanaume aliyengoja kuona furaha akajikuta anampepea mke kwa jani la mgomba. Alimhamishia jikoni, harufu ikawafuata jikoni. Wakahamia kwa jirani, jirani naye akawa anapaka kucha rangi. Mwishowe Adelfina alifunga nguo zake. Alikuwa analia, na hakulia kwa hasira.

"Mimi naenda kwetu," alisema. "Sakafu yako ikinyamaza, nitarudi."

Sasa, kwa watu wa kule mke akirudi kwao halali siku mbili kabla ukoo haujaanza kuulizana. Renatus alimfuata Nyamahanga na pombe ya ndizi, kama ilivyo desturi. Kwa wakwe zake ipo na desturi nyingine: mkwe mwenye kesi hapewi kiti. Alikaa kwenye vumbi la uani, na mbele yake wazee wa ukoo wakajipanga, katikati yao Emilian, ambaye siku hizi ameacha pamba na kufuga nyuki, na shangazi Auleria aliyemlea Adelfina.

"Shikamoo mama," Renatus alisema.

"Marahaba. Kaa hapo hapo ulipo," shangazi Auleria akajibu.

Emilian akakohoa kidogo. "Shemeji, mke hakimbii sakafu. Mke anakimbia mtu. Tuambie ulimfanya nini."

Renatus akaeleza habari ya vanishi. Wakacheka. Akaitwa Adelfina, akaeleza hivyo hivyo, wakaacha kucheka wakaanza kumhurumia, maana waliona kipigo kimekuwa kikubwa hata mtoto wao anamfichia mume aibu. Mzee mmoja alitaka kuona mgongo wake. Mwingine aliuliza kama Renatus ana mwanamke mwingine anayeitwa Vanishi.

Shangazi Auleria ndiye aliyekata shauri. "Kama kweli ni harufu, ziletwe hapa tuzijue. Mkwe atapaka sakafu yake kwa dawa ile Adelfina atakayoikubali. Ikikosekana, au ikionekana mnatudanganya, wewe mkwe rudi kwako ukalale na mbao zako. Huyu atakuwa amefika kwao, harudi tena."

Renatus alirudi Bugarama akiwa na hofu ambayo hakuwahi kuwa nayo hata wakati mnyauko ulipoingia kwenye migomba. Nyumba ilikuwa inang'aa na haina mtu. Siku hiyo hiyo alizing'oa mbao zote, akampa Danstan akajengee banda, na mbuzi wa Danstan mpaka leo ndio pekee wilayani wanaolala kwenye vanishi. Migrevilea iliyobaki ikakatwa, sakafu nyingine ikawekwa, safari hii bila kupakwa kitu. Lakini mbao tupu zinakunywa kila kinachomwagika, na udongo wa Bugarama ukishaingia kwenye mbao hautoki. Lazima zipate kitu cha kuzilinda.

Danstan, ambaye alijisikia vibaya kuliko alivyoonyesha, alitafuta. Kipande kimoja alikipaka vanishi ya maji, ile ambayo muuza duka aliapa haina harufu. Cha pili alikipaka mafuta ya mbegu za kitani yaliyotoka Mwanza. Cha tatu alikipaka nta ya nyuki iliyolainishwa kwa mafuta ya alizeti, na hiki ndicho Renatus alichokitegemea, kwa sababu nta ilinunuliwa Nyamahanga kwenyewe, kutoka kwenye mizinga ya Emilian.

"Kitu cha asili hakiwezi kumdhuru," Renatus alisema.

"Upupu nao ni wa asili," Danstan akamjibu. "Tuviache vikauke. Harufu kali ni ya kitu kinachokauka. Kikishakauka hadi ndani ndipo utajua tabia yake."

Vipande vikaanikwa barazani wiki baada ya wiki, na Renatus akavilinda dhidi ya kuku na mvua. Alilinda akiwa amekaa kwenye kipande cha nne kilichobaki, kitupu, kisichopakwa kitu. Alikula akiwa juu yake, akamenya maharage juu yake, akasali rozari juu yake. Waliopita njiani walimsalimia kwa sauti ya chini, kama wanavyomsalimia mfiwa.

Siku ya kwenda ilipofika, kila kipande kilichopakwa kiliingia kwenye ndoo yake yenye mfuniko ili harufu zisichanganyike. Kile cha nne alikichukua kwa sababu nyingine kabisa. Kiti cha gari la kwenda Biharamulo kilikuwa na springi iliyotoboa kitambaa, na Renatus, ambaye anaijua springi hiyo, aliweka ubao akaukalia.

Kwenye kizuizi cha mazao ya misitu mlinzi aliona ndoo akadhani ni asali. Akafungua ya kwanza, akachungulia muda mrefu.

"Hii ni nini?"

"Mbao."

"Kwenye ndoo?"

"Ni za kunusa, afande."

Mlinzi alinusa. Alifungua ya pili akanusa, na ya tatu, akawaita wenzake nao wakanusa. Ikazuka hoja kama mbao za kunusa zinahitaji kibali cha kusafirisha mbao au hazihitaji. Abiria wakashuka, nao wakataka kunusa. Mwishowe mkubwa wao akasema kibali kinahesabu mbao za kujengea, na mtu hawezi kujenga kwa pua, basi apite. Kile alichokikalia hakuna aliyekiuliza.

Uani Nyamahanga viti vilikuwa vimejaa. Habari kwamba Renatus analeta harufu zilikuwa zimetangulia, na hata wasio wa ukoo walifika. Kiti hakupewa, basi akaweka ubao wake chini akakaa. Emilian alitaka dada yake afungwe kitambaa machoni asije akabahatisha, na Adelfina akakubali. Alikuwa amekonda. Renatus alipomwona amefungwa macho, mikono juu ya magoti, anangoja kupimwa na watu waliomzaa, aliinamia ndoo zake akazisogeza karibu.

Ndoo ya kwanza ikafunguliwa. Adelfina aliinama kidogo tu akajivuta nyuma. "Hii inajifanya maji," alisema, "lakini chini kuna kitu kinachochoma." Emilian akaifunika, akazungusha ndoo, akarudisha ile ile. "Hii umeshaniletea," Adelfina akasema, akaanza kukohoa.

Wazee wakatazamana. Ndoo ikapitishwa, kila mmoja akaingiza uso. Hakuna aliyesikia kitu, isipokuwa mzee mmoja aliyeshikilia kuwa anasikia kitunguu, na ikabainika ni vidole vyake mwenyewe. Ndoo ya pili, ya mafuta ya kitani, Adelfina alikaa nayo muda mrefu zaidi, watu wakaanza kupata tumaini. Halafu akashika paji la uso. "Kichwa kimeanza," alisema. "Iondoeni."

Ikabaki nta. Emilian aliifungua mwenyewe kwa madaha. "Hii ni ya nyuki wangu. Nyuki hawaendi dukani."

Adelfina alinusa mara moja akageuza uso. "Ina moshi wa mpira."

Emilian akaifunika ndoo upesi. Kisha mkewe, aliyekuwa jikoni, akatoa kichwa mlangoni akasema waziwazi kwamba ni kweli, Emilian huwafukizia nyuki kwa vipande vya tairi kuukuu, amemkataza hasikii. Hapo ukoo ukaamini. Pua ya mtoto wao haidanganyi, na ile habari ya vanishi ilikuwa kweli tangu mwanzo.

Lakini kuaminiwa hakukumsaidia Renatus. Ndoo zilikuwa tatu na zote zimekataliwa. Shangazi Auleria alimtazama kwa huruma, ambayo kwake ilikuwa mbaya kuliko dharau, akasema, "Mkwe wangu, umejitahidi. Sasa ni hivyo." Renatus aliinuka kwenda kufunika ndoo zake.

Emilian alikuwa bado amekasirika juu ya tairi. Alitaka kumkamata dada yake walau kwa kosa moja. Aliuokota ule ubao Renatus aliouacha chini, akauleta taratibu hadi usoni kwa Adelfina. Waliokaa karibu walishika pua, maana ubao ule ulikuwa umekaliwa wiki zote zile, ukanyweshwa jasho, ukapakwa mchuzi wa maharage, ukasafiri chini ya mwanaume mzito kutoka Ngara hadi Biharamulo kwenye jua.

Adelfina alinusa. Akasogea, akanusa tena. Akauchukua mikononi mwake, akauweka shavuni.

"Huu ndio," alisema. "Huu hauna harufu."

Watu walicheka hadi kuku wakatawanyika. Emilian akauchukua ubao akaunusa mwenyewe, akaurudisha upesi. "Dada, huu unanuka mtu. Unanuka mume wako mzima mzima."

"Hauna harufu kabisa," Adelfina alirudia, akiwa bado amefungwa macho, akishangaa wanachocheka.

Shangazi Auleria peke yake hakucheka. Alingoja wanyamaze. "Mwanamke aliyemkimbia mume," alisema, "angemsikia huyu tangu yuko kwenye gari. Mnaona wenyewe, Adelfina hamsikii mumewe hata akiwekwa puani." Kisha akamgeukia Emilian. "Mpe mkwe kiti."

Kiti kikaletwa. Renatus alikikalia akajifuta macho kwa kiganja, mbele ya watu wote, na pombe ya ndizi ikamiminwa. Hukumu ikatolewa kabla haijaisha: Adelfina atarudi kwa mumewe, sharti sakafu yote iwe kama ubao ule.

Danstan aliposikia habari hiyo alikaa chini. Alisema amejifunza kupaka kwa brashi na kwa kitambaa, ila hajawahi kufundishwa kupaka kwa matako. Lakini aliutazama ubao vizuri, akaona kweli umelainika na kushiba, maji yakidondoka yanateleza, kama vigoda vya zamani vilivyokaliwa na mababu. Akazipiga mbao msasa mwembamba, akamkabidhi Renatus sakafu.

Sebule ni kubwa kuliko mtu mmoja, hata akiwa Renatus. Ndipo mwenyekiti alipotumia cheo chake. Jumuiya yote iliitwa kusali kwake mwezi wa kumi wote, mwezi wa Rozari, bila manukato, bila mafuta ya nywele, kwa nguo zilizofuliwa kwa sabuni ya mche. Viti havikuwepo. Walikaa chini, na kila tendo la rozari lilipomalizika Renatus alisema kwa unyenyekevu, "Ndugu zangu, tusogee ubao mmoja," nao wakajikokota, wake kwa waume, wakiendelea na tendo linalofuata. Waliotaka kuacha walibaki kwa sababu nyumba ilikuwa na joto miguuni, na baridi ya mvua nje ilikuwa inauma.

Adelfina alirudi mwisho wa mwezi. Kwenye mgomba wa kwanza alisimama, na Renatus aliyekuwa anamtazama kutoka mlangoni akaacha kupumua. Kisha Adelfina akatembea tena. Alivua viatu, akaingia, akasimama katikati ya sebule, na mbao zikaitika chini ya miguu yake.

Tangu hapo sakafu hiyo hutunzwa na mwenye nyumba. Jioni, kazi za shamba zikiisha, Renatus huvaa suruali yake ya kaki iliyochakaa, akakaa chini na kujikokota ukuta hadi ukuta, mtu mzima mwenye wajukuu, na wapita njia wamekwisha kuzoea kumwona kupitia dirishani. Adelfina huwa amekaa pale pale ndani, mgongo ukutani, anachambua mchele. Kila jioni mumewe humuuliza swali lile lile akiwa amefika katikati.

"Mama Priscila, unasikia harufu yoyote?"

"Sisikii kitu," Adelfina humjibu. "Songa, pale chini ya dirisha bado."

Renatus husonga.